Kabla ya Kubomoa Jengo la Mawe: Hotuba kwa Wazazi na Wanafunzi wa Zamani wa Shule Yetu

Hotuba hii niliitoa katika mkutano wa wazazi na wanafunzi wa zamani, uwanjani mwa shule. Wengi wenu mlio Nairobi, Nakuru, Mombasa na Uarabuni hamkuweza kufika, mkaniomba niiandike. Hii hapa yote. Picha za zamani zilizopitishwa mkononi siku ile nimemwachia Mwalimu Mkuu.

Mulembe! Mulembe muno!

Mwalimu Mkuu, mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi na wenzako, mchungaji wetu, chifu pamoja na maliguru, wazee wa vijiji, wote mliofika, walimu, wazazi, akina kukhu, nyanya zetu, mlioketi pale mbele kivulini, na ninyi wanafunzi: naomba ruhusa yenu niseme.

Nimeombwa nizungumzie historia ya shule yetu na majengo yake, na ombi hilo limekuja wakati wake. Sote tunajua Bodi inatafuta nafasi ya madarasa ya sekondari ya msingi. Sote tumesikia pendekezo kwamba jengo la mawe libomolewe. Wanafunzi wa gredi ya 7 walipobaki kwetu Januari 2023, hatukuwa tumeongezewa hata ukuta mmoja. Sasa tuna mpaka gredi ya 9. Na ardhi je? Hii ni Vihiga, ndugu zangu. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita ya mraba ya kaunti hii. Hakuna jirani mwenye shamba la kutugawia. Anayetaka kujenga hapa ama abomoe, ama apande juu.

Kwa hivyo sikuja kuwapinga wanaotaka madarasa. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha watoto waliobanana wanne kwenye dawati la wawili, wa pembeni akiandika huku mguu mmoja umetoka njiani. Madarasa nayataka. Ninachouliza ni hiki: je, tunajua tunachotaka kubomoa? Nani alilijenga? Kwa pesa za nani? Na kwa nini hatujawahi kuyaandika mahali?

Shule haikuanza na mawe. Sehemu zetu zilipata misheni mapema. Marafiki, yaani Quakers, walifika Kaimosi mwaka 1902, miezi michache tu baada ya reli kufika Kisumu. Misheni ya Kima, hapa hapa Bunyore, ikaanzishwa 1905. Mwaka 1906 Waanglikana wakafungua shule Maseno. Kutoka vituo kama hivyo vijana waliojua kusoma walitumwa vijijini, na kijiji kilichopata kijana wa namna hiyo kilimjengea nyumba moja: Jumapili kanisa, Jumatatu shule. Yetu ilizaliwa hivyo. Ilikuwa nyumba ya fito na udongo, imeezekwa nyasi, pale ambapo leo pana tangi la maji.

Mama yangu alisomea katika nyumba hiyo. Alinieleza kwamba kila Ijumaa wasichana walichota maji mtoni, wakabeba kinyesi cha ng'ombe kwenye majani ya mgomba, wakasiriba sakafu ili vumbi litulie na funza wasiingie miguuni. Wavulana walileta nyasi na fito. Mama alisema Jumatatu asubuhi aliweza kutambua sehemu aliyoisiriba yeye, kwa sababu alikuwa akitumia mkono wa kushoto, na mapindi ya vidole vyake yalielekea upande tofauti na ya wenzake. Nilipokuwa mdogo niliyaona mapindi hayo hayo kwenye sakafu ya jikoni kwetu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Waliotunza jengo la shule walikuwa watoto wa miaka tisa, kumi. Serikali ya mkoloni iliwatoza baba zao kodi ya nyumba mwaka baada ya mwaka. Sakafu ya darasa ilisiribwa na binti zao.

Njooni sasa kwenye jengo lenyewe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ripoti ya tume ya Beecher ya 1949 ilipanga elimu ya Mwafrika kwa mafungu ya miaka minne minne, na mtihani wa mwisho wa miaka minne ya kwanza ukawa chujio. Wengi walichujwa wakabaki nyumbani. Wazee wetu walioona hayo walisema: kama tunataka watoto wetu wavuke, tuwe na madarasa ya juu hapa hapa, na yawe majengo ambayo mkaguzi atakosa la kusema. Hawakuwa na pesa. Walikuwa na mawe. Mawe ni kitu ambacho Bunyore haijawahi kukosa.

Jiwe lilipasuliwaje? Waliwasha moto juu yake usiku kucha, alfajiri wakalimwagia maji baridi, likatoa mlio na kupata ufa. Nyundo na patasi zikamaliza. Kazi hiyo bado tunaiona barabarani kuelekea mji wetu wa Luanda, kwa akina mama wanaoponda kokoto. Wazee wakagawana ukuta: kila ukoo ukapewa kipimo chake, ukalete mawe yake na fundi wake.

Nendeni mkaangalie leo kabla hamjaenda nyumbani. Zungukeni mpaka ukuta wa nyuma, ule unaotazama vyoo vya walimu. Anzeni pembe ya kushoto. Mawe ya mwanzo ni makubwa, yamechongwa mraba, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka. Mkifika chini ya dirisha la pili, mambo yanabadilika. Mawe yanakuwa madogo, ya kila umbo, yamepachikwa moja baada ya jingine na vibamba vyembamba vikiziba mianya. Hapo ndipo ukoo mmoja uliishia na mwingine ukaanza. Sitasema ni koo gani, maana mtaanza kushindana leo leo! Lakini wazee wanajua.

Halafu inueni macho. Kuanzia chini mpaka usawa wa dirisha, mawe yameshikwa kwa saruji ya kijivu. Juu ya hapo ni udongo mwekundu, udongo wa kichuguu. Kwa nini? Saruji iliisha. Pesa za saruji zilitoka kwa vijana waliokuwa kwenye mashamba ya chai Kericho na kwenye reli Kisumu, na kwa akina mama waliouza kuku na mayai. Zikaisha. Je, wazee walisimamisha kazi? Hawakusimamisha. Je, walisubiri barua ya serikali? Hawakusubiri. Walikwenda kwenye vichuguu, wakachimba, wakakanyaga udongo kwa miguu, wakaendelea mpaka usawa wa paa. Na ukuta huo wa udongo wa kichuguu umesimama tangu enzi za mkoloni mpaka leo hii.

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Kuna kitu kimoja kinachoniuma. Kwenye daftari la zamani la shule yameandikwa majina ya wanaume waliotoa pesa, na kiasi alichotoa kila mmoja. Ni jambo jema, na daftari hilo tulitunze. Lakini udongo haukandiki bila maji, na mto wetu mnajua ulipo, huko chini, na mlima mnaujua. Maji yote ya jengo lile yalipanda juu ya vichwa vya wanawake na wasichana. Mchanga vilevile. Hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa. Wawili kati yao, waliobeba maji hayo wakiwa wasichana wadogo, wameketi hapa mbele. Akina kukhu, kama miguu inaruhusu, naomba msimame wajukuu wawaone.

(Walisimama. Mkutano wote ukasimama nao, na makofi yakachukua muda.)

Ahsanteni, ketini mama zangu. Baadaye karani atakuja kwenu na kalamu, na safari hii mtaandikwa.

Paa la kwanza la jengo hilo lilikuwa la nyasi. Sisi ni watu wa nchi ya Nganyi, ukoo wa waleta mvua, mvua tunaiheshimu, na mvua ya mawe ya huku hainyamazi juu ya nyasi wala juu ya mabati. Mabati yalikuja baada ya uhuru, kwa harambee. Yaling'olewa na upepo, yakarudishwa. Hayo nayapita.

Jengo la pili ni lile la tofali za kuchoma, madarasa manne yaliyo kando ya uwanja. Hilo nimelishuhudia likijengwa.

Desemba 1973 Mzee Kenyatta alitangaza kwamba karo imeondolewa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Shule zilipofunguliwa Januari 1974, nchi nzima ilifurika watoto. Wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka takriban milioni 1.8 hadi takriban milioni 2.8 katika mwaka mmoja. Hebu fikirini. Milioni moja ya watoto zaidi, na hakuna darasa hata moja lililokuwa limejengwa kwa ajili yao. Hapa kwetu darasa la kwanza lilisomea nje, upande ule wa mikaratusi, na mvua ikija tulikimbilia kanisani.

Basi yakaja makubwa. Karo ilikuwa imeondolewa, lakini shule kote nchini zikaanza kudai mchango wa majengo, na mahali pengi mchango huo ukazidi karo iliyofutwa. Tanuri la tofali likachimbwa kule bondeni. Kila asubuhi kila mwanafunzi alipanda na tofali mbili kichwani, ndipo aingie paredi. Nilikuwa mmoja wao. Tofali ikiwa bado na joto la tanuri, ulitandika ngata ya majani ya mgomba chini yake.

Nilikuwa na rafiki, tukiketi dawati moja. Alikuwa akinishinda hesabu, na sisemi hivi kwa adabu tu, alinishinda kila wiki. Baba yake alikuwa kibarua na alikosa pesa za majengo. Akarudishwa nyumbani mara ya kwanza, akarudi na nusu. Akarudishwa tena. Mara ya tatu hakurudi. Huku amebeba tofali za madarasa yale kama sisi wengine wote! Madarasa yakakamilika, tukaingia, nafasi yake dawatini akapewa mtoto mwingine. Nimemwomba ruhusa niseme haya leo, na amenipa. Yuko hapa mkutanoni. Wajukuu zake wamesomea katika madarasa hayo.

Wazazi, mnapopita kando ya jengo la tofali mkaliona ni zuri, na ni zuri kweli, jueni lilijengwa na watoto, na wengine wao liliwafukuza. Ndiyo sababu nikisikia mtu anapendekeza kwamba safari hii pia kila mzazi atozwe, na asiyelipa mtoto wake akae nyumbani, nasimama. Hapana. Shule hii imeshafanya hivyo mara moja. Inatosha.

Rais Moi alipoingia, michango ilipigwa marufuku kwa muda, na kuanzia 1979 tukapewa maziwa ya shule. Wengi wenu mnayakumbuka kuliko masomo! Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4. Kila shule ya msingi ilitakiwa kuwa na darasa la nane ambalo halikuwepo, na vilevile karakana ya useremala na chumba cha sayansi kimu. Nani ajenge? Wazazi. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo. Tulijenga karakana ndogo yenye meza mbili za seremala, na kwa miaka michache watoto walitengeneza viti kwelikweli. Kisha vifaa vikaisha, karakana ikawa stoo, stoo ikawa darasa la chekechea, na leo humo mna gredi ya 8. Chumba kimoja, kazi nne. Michirizi ya msumeno bado iko kwenye kingo za dirisha.

Mwaka 2003, serikali ya Rais Kibaki ikarudisha elimu ya msingi bila malipo. Wanafunzi nchini wakatoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Kule Eldoret, shule ya Kapkenduiywo ilimpokea Mzee Kimani Maruge Januari 2004 akiwa na miaka 84. Kwetu hatukupata mzee, lakini tulipata vijana wenye ndevu, na niliwaheshimu sana. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: vitabu, chaki, matengenezo madogo. Pesa za kujenga hazikuwemo. Madarasa mawili ya mwisho yakaja kwa hazina ya maendeleo ya eneobunge, CDF, na tunashukuru kwa dhati. Lakini tazameni kuta zake. Zimeandikwa kwa rangi, herufi kubwa kama dirisha, nani aliyezileta. Pesa hizo zilikuwa kodi yenu. Jengo la mawe, ambalo watu walitoa jasho lao wenyewe, halina hata herufi moja.

Sasa nije kwenye uamuzi uliotuleta hapa.

Mimi si mtu wa kung'ang'ania ukuta kwa sababu ni wa zamani. Paa la jengo la mawe limeingia mchwa. Nimepanda ngazi pamoja na fundi, akachomeka bisibisi kwenye boriti ya pili ikazama mpaka kwenye mpini. Mtoto yeyote asiketi chini ya boriti hiyo hata siku moja. Katika hilo mwenyekiti wa Bodi yuko sahihi kabisa, na namshukuru kwa kulifunga darasa lile mapema.

Lakini boriti ni boriti, na ukuta ni ukuta. Hakuna mhandisi aliyeupima ukuta. Tumeambiwa tu "ni mzee". Uzee si ufa. Tuombe idara ya ujenzi ya serikali ituletee mhandisi, apime, aandike. Akisema ukuta unafaa, tubadilishe paa tu, jengo liwe maktaba, kwa maana hatujawahi kuwa na maktaba tangu shule hii ianze. Akisema haufai, basi ushushwe jiwe kwa jiwe, na mawe hayo yaingie kwenye msingi wa madarasa mapya. Yasipakiwe kwenye lori usiku yakaenda kuwa ua wa mtu.

Na wanaosema tujenge ghorofa, nawaomba mkumbuke Kakamega. Si mbali. Tarehe 3 Februari 2020, jioni, watoto walikuwa wakitoka madarasani katika Kakamega Primary, wakakanyagana kwenye ngazi. Watoto 14 walikufa. Walikuwa wanakwenda nyumbani tu. Baadhi yenu mlikwenda kwenye mazishi. Tukipanda juu, ngazi ziwe mbili, ziwe pana, na ziwe na mahali pa kushika. Mkandarasi akileta mchoro wenye ngazi moja nyembamba, mzazi yeyote mwenye macho aukatae, hata kama hajui kusoma ramani. Ahesabu ngazi tu.

La mwisho, na hili naliogopa kuliko mchwa. Ardhi hii ilitolewa na mzee mmoja kwa mdomo wake, mbele ya wazee wenzake, wakapanda katani mpakani. Katani hizo mnaziona upande wa juu. Upande wa chini zimeng'olewa, na kila msimu wa kulima mpaka unasogea hatua moja kuja uwanjani. Sina haja ya kumtaja mtu. Hati ya kumiliki ardhi hatuna. Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata, Nairobi, walitoka kuupinga ukuta uliokuwa umejengwa kuzingira uwanja wao, wakarushiwa vitoza machozi. Watoto wadogo, na sare zao! Baada ya hapo serikali iliagiza shule za umma zipewe hati. Yetu iko wapi? Mkandarasi akija kesho kuweka msingi mita mbili tu ndani ya ardhi inayobishaniwa, kesi itakula pesa zote za madarasa, na watoto wa gredi ya 9 watamaliza shule kesi ikiwa bado kortini.

Kwa hivyo ninaomba mambo yafuate mpangilio huu: saveya kwanza, mhandisi wa pili, mkandarasi wa tatu. Chifu, familia ya mzee aliyetoa ardhi ina wana wawili walio hai ambao walikuwepo katani zikipandwa. Wote wawili wamepita umri wa miaka themanini. Maneno yao yaandikwe na kutiwa sahihi mbele yako mwezi huu, wakiwa bado na nguvu ya kutembea mpaka mpakani na kuonyesha kwa kidole.

Na ninyi wanafunzi wa gredi ya 7 hadi 9, Mwalimu wenu wa Masomo ya Jamii amekubali kazi yenu ya muhula iwe hii: kila mmoja akaongee na mtu mmoja aliyebeba jiwe, tofali au maji ya shule hii, aandike jina lake, alibeba nini, na alilipwa nini kama alilipwa. Andikeni majina ya kike kwanza, tumechelewa nayo.

Karani ameketi pale kwenye meza ya kijani na daftari jipya. Wazee na akina kukhu, mtaanza ninyi. Wenye simu, pigeni picha ukuta wa nyuma leo, mchana huu, jiwe kwa jiwe kuanzia pembe ya kushoto, mmtumie Mwalimu Mkuu. Chifu, tunaomba utupe siku ya saveya kabla mkutano haujafungwa.

Ahsanteni sana.